Udokozi kwa Kiingereza: Tulitumieje Neno "Pilfer"?



Wengi wenu mliohitimu kisomo cha watu wazima mmeendelea mbele. Mnasoma Kiswahili bila shida, na sasa mnajifunza Kiingereza kidogo kidogo, jioni baada ya shamba. Leo tunataka tujifunze pamoja neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni "pilfer". Maana yake ni kudokoa, yaani kuiba vitu vidogo vidogo.

Huenda mtu akauliza: "Maneno yote hayo ya Kiingereza, kwa nini tuanze na la wizi?" Swali zuri. Tuna sababu mbili.

Kwanza, neno hili limo katika karatasi za mizigo, za bandari na za bima. Mkulima anayeuza mazao yake nje kupitia chama cha ushirika anaweza kukutana nalo katika mkataba. Asipolijua, atatia sahihi jambo asilolielewa.

Pili, maneno ya wizi ni maneno mazito. Ukichagua neno lisilofaa, unamtia mtu katika kosa ambalo hakulitenda. Sote tunajua mambo yanayotokea mtu akipigiwa kelele za "Mwizi! Mwizi!" sokoni au stendi. Watu wamepigwa hadi kufa kwa kelele hizo, na miongoni mwao wamo wasio na hatia. Basi anayejifunza kuandika ajifunze pia kupima neno kabla ya kuliandika.

Kudokoa ni nini?

Tuanze na Kiswahili chetu. Mtoto anafunua chungu cha mboga mama akiwa nje. Anachukua kipande kimoja cha nyama, anafunika, anakwenda zake. Kesho anarudi tena. Huko ndiko kudokoa. Mtoto hakubeba chungu. Amechukua kidogo tu, na mboga haionekani kupungua.

Kudokoa kuna alama nne. Tuzihesabu:

1. Kinachochukuliwa ni kidogo.
2. Aghalabu huchukuliwa tena na tena.
3. Huchukuliwa kimya kimya, bila nguvu wala vitisho.
4. Mara nyingi anayechukua ni mtu wa karibu, anayeruhusiwa kuwa mahali pale. Ni mfanyakazi, ni mpishi, ni mtunza stoo, ni mtoto wa nyumbani.

Alama hizo nne ndizo alama za neno "pilfer". Mnyang'anyi huvunja mlango. Mdokozi mara nyingi anao ufunguo.

Waingereza walilipata neno hili kutoka Kifaransa cha zamani. Huko lilitokana na neno la mali ya nyara, yaani mali inayotekwa na kugawanywa. Lilipokaa katika Kiingereza, likapungua ukubwa likawa neno la wizi mdogo. Kumbe neno lililoanza na nyara limeishia kwenye sukari ya jikoni!

Tulitamkeje?

Litamke "pilfa". Nguvu ya sauti iwe mwanzoni: PIL-fa. Sauti ya "r" ya mwishoni karibu haisikiki kwa Waingereza, ingawa Wamarekani huitamka.

Tuangalie sasa maumbo yake:

"Pilfer" ni dokoa.
"Pilfers" ni anadokoa, au hudokoa.
"Pilfered" ni alidokoa, au iliyodokolewa.
"Pilfering" ni kudokoa, kitendo chenyewe.
"Pilferer" ni mdokozi.
"Pilferage" ni udokozi, hasa wa mizigo na bidhaa.

Katika maumbo yote hayo, nguvu ya sauti hubaki mwanzoni. Sisi Waswahili tumezoea kuweka nguvu karibu na mwisho wa neno, ndiyo maana twaweza kusema "pil-FE-ring". Tujizoeze kusema "PIL-fa-ring".

Jambo jingine la kuandika: katika "pilfered" na "pilfering", herufi "r" iliyo kabla ya "-ed" au "-ing" ni moja tu. Usiandike mbili.

Sentensi za kila siku

Soma sentensi hizi kwa sauti. Soma ya Kiingereza kwanza, kisha maana yake.

"The boy pilfers sugar from the kitchen."
Kijana hudokoa sukari jikoni.

"Somebody is pilfering cement from the school building site."
Kuna mtu anadokoa saruji mahali tunapojenga shule.

"He pilfered a few nails every day."
Alikuwa akidokoa misumari michache kila siku.

"The guard saw two men pilfering diesel from the lorry."
Mlinzi aliwaona watu wawili wakidokoa dizeli kwenye lori.

"We locked the store to stop pilfering."
Tulifunga stoo kwa kufuli ili kukomesha udokozi.

Mmeona neno "from"? Lina kazi kubwa hapa. Baada ya "pilfer" tunataja kitu kilichochukuliwa. Kisha tunaweka "from", halafu tunataja mahali au mwenye mali. Yaani: nani, alidokoa, kitu gani, kutoka wapi. Ukishika mpango huo hutapotea.

Sasa angalia sentensi hii: "He pilfered a lorry." Haifai. Lori halidokolewi! Lori ni kubwa mno. Mtu akiondoka na lori zima, Mwingereza atatumia neno "steal". Vivyo hivyo ng'ombe. Kwa Kiswahili nani anasema "amedokoa ng'ombe"? Watu watacheka.

Ndugu watatu: "steal", "rob" na "pilfer"

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, basi twende polepole.

"Steal" ni kuiba. Ni neno la jumla, kama kuiba kwetu. Laweza kutumika kwa kitu kikubwa au kidogo. Tukizungumza jambo lililopita tunasema "stole". Kitu kilichoibwa ni "stolen". Baada ya "steal" tunataja kitu: "They stole the bicycle." Waliiba baiskeli.

"Rob" ni kunyang'anya, au kupora. Baada ya "rob" hatutaji kitu. Tunamtaja mtu aliyeibiwa, au mahali palipovamiwa: "They robbed the shopkeeper." Walimpora mwenye duka. Ukitaka kutaja kitu, ongeza "of": "They robbed him of his money." Walimpora fedha zake.

"Pilfer" ni kudokoa, kama tulivyoona.

Sasa kuna kosa moja linalosikika sana kwetu. Mtu ameibiwa baiskeli. Kwa Kiswahili anasema "Nimeibiwa", na amesema sawasawa kabisa. Kisha anageuza neno kwa neno na kusema: "I was stolen." Mwingereza akisikia hivyo anashangaa. Anaelewa kwamba mtu huyo mwenyewe alibebwa, kama mzigo!

Kwa nini yatokea hivyo? Kiswahili kina maneno mawili hapa. Kitu "huibwa", bali mtu "huibiwa". Ile sehemu "-iwa" inaonyesha kwamba wizi umemfikia mtu. Kitenzi "steal" hakina sehemu kama hiyo. Kwa hiyo anza na kitu: "My bicycle was stolen." Baiskeli yangu imeibwa. Kama ulivamiwa njiani kwa nguvu, hapo sema: "I was robbed." Nimeporwa.

Kwa kudokoa ni hivyo hivyo. Usiseme "I was pilfered." Sema: "Some of my sugar was pilfered." Sehemu ya sukari yangu imedokolewa.

Neno moja, miaka mingi

Je, tofauti hizo ni za darasani tu? Hapana. Tuangalie sheria.

Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kosa la wizi wa kawaida laweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 7. Mfanyakazi akimwibia mwajiri wake, kifungo chaweza kufika miaka 10. Lakini wizi ukifanywa pamoja na nguvu au vitisho, huo ni unyang'anyi, na adhabu yake ni kubwa zaidi. Ukiwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo hakipungui miaka 30.

Umeona? Mtu mmoja amechukua debe la mahindi kimya kimya. Jirani akaandika maelezo kwa Kiingereza, akatumia "robbed" kwa kuwa ndilo neno alilolikumbuka. Neno hilo linasema kulikuwa na nguvu. Hakukuwa na nguvu! Polisi na mahakama watauliza maswali yao, lakini maelezo yameanza vibaya.

Nalo neno "pilfer" tusidhani kwamba linamtoa mtu katika kosa. Udokozi ni wizi. Sheria yetu haina kosa la pekee linaloitwa kudokoa. Mahakama ikiridhika kwamba mtu amechukua mali ya mwingine kwa hila na bila haki, ni wizi, hata kama ni kibaba kimoja.

Zamani Waingereza walikuwa na mpaka kati ya wizi mkubwa na wizi mdogo. Sheria ya mwaka 1275 ilikuwa na kipimo cha peni 12. Aliyeiba mali yenye thamani ya zaidi ya peni 12 alikuwa na wizi mkubwa, na aliweza kunyongwa. Aliyeiba ya peni 12 au chini ya hapo alikuwa na wizi mdogo, na adhabu yake ya kawaida ilikuwa viboko au kifungo.

Miaka ikapita, bei zikapanda, lakini peni 12 zikabaki pale pale. Vitu vidogo sana vikawa wizi mkubwa. Basi wazee wa baraza mahakamani, wasiopenda kumwua mtu kwa kitu kidogo, walikuwa wakitaja thamani ya chini kwa makusudi. Kitu cha thamani kubwa waliandika kuwa ni cha peni 10. Mshitakiwa akapona kamba. Mpaka huo wa wizi mkubwa na mdogo uliondolewa Uingereza mwaka 1827. Kwa zaidi ya miaka 500, basi, maisha ya mtu yalining'inia kwenye neno moja, "mkubwa" au "mdogo".

Udokozi wa bandarini

Tumesema neno "pilferage" limo katika karatasi za mizigo. Tuone limefikaje huko.

Mwishoni mwa miaka ya 1700, bandari ya London kwenye mto Thames ilikuwa imejaa meli. Meli nyingi zilileta sukari kutoka visiwa vya Karibi, sukari iliyolimwa na watu waliokuwa utumwani. Mapipa yalipokuwa yakishushwa, sukari nyingi ilipotea. Baadhi ya vibarua waliichukua kama haki yao. Walisema sukari iliyomwagika sakafuni ni ya mfagiaji. Tena wengine waliyavunja mapipa kusudi, ili imwagike! Hakimu mmoja aitwaye Patrick Colquhoun alikadiria kwamba hasara ya mizigo katika mto ule ilifika pauni 500,000 kwa mwaka. Mwaka 1798, yeye na John Harriott walianzisha kikosi cha polisi wa mto huo, makao yake Wapping.

Jambo hili lina fundisho. Kinachoitwa udokozi na mwenye mali, mfanyakazi aweza kukiita posho yake. Kwa hiyo mahali pa kazi pasipo na mapatano yaliyo wazi, udokozi huota haraka. Ni afadhali kuamua mapema: Je, mahindi yaliyomwagika ni ya nani? Je, mabaki ya saruji yanakwenda wapi? Kikao kiamue, iandikwe katika kumbukumbu, kila mtu aisikie ikisomwa.

Sasa njoo kwenye bima. Katika bima za mizigo ya melini kuna maneno matatu yanayokwenda pamoja: "theft, pilferage and non-delivery". "Theft" ni wizi, kwa mfano gunia zima limechukuliwa. "Pilferage" ni udokozi: gunia limefika, lakini limetobolewa na limepungua. "Non-delivery" ni mzigo kutofika.

Kwa nini hawakuandika "wizi" tu, wakaishia hapo? Kwa sababu sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya mwaka 1906 ilieleza kwamba neno "thieves", yaani wezi, katika bima ya meli halihusu wizi wa siri. Wala halihusu wizi uliofanywa na watu wa meli yenyewe, mabaharia au abiria. Maana yake ni kwamba, ukikatia bima "wezi" peke yake, kisha baharia akadokoa korosho zako usiku, huenda usilipwe! Ndiyo maana udokozi unaandikwa kwa jina lake.

Basi chama chenu kikiletewa karatasi ya bima ya mizigo, wajumbe waulize: "Je, udokozi umo?" Tafuteni neno "pilferage" kwa kidole, mstari kwa mstari. Kama halimo, ulizeni kabla ya kutia sahihi. Mwaka 2021 Tanzania ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini karatasi nyingi za biashara ya nje zingali katika Kiingereza. Kuuliza si aibu.

Haba na haba stooni

Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Tufanye hesabu.

Tuseme mtu mmoja anadokoa nusu kilo ya mahindi kila siku ya kazi. Nusu kilo ni kidogo, huwezi kuiona kwenye rundo. Kwa siku 300 ni kilo 150. Hilo ni gunia moja na nusu la kilo 100. Wakiwa watu wanne, ni magunia sita kwa mwaka. Ni chakula cha familia kwa miezi mingi, nacho kimetoka kiganja kwa kiganja.

Lakini hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Si kila mahindi yaliyopungua yamedokolewa. Mahindi hupungua yenyewe yakikauka.

Tuseme gunia la kilo 100 limeingia stooni likiwa na unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 82 za punje kavu na kilo 18 za maji. Baada ya muda mahindi yamekauka, unyevu umeshuka hadi asilimia 13. Zile kilo 82 kavu hazikupungua hata kidogo. Maji yaliyobaki ni kilo 12 hivi. Ukijumlisha, gunia sasa lina uzito wa kilo 94. Kilo 6 zimeondoka, na mwizi hayupo. Jua na upepo vimezichukua.

Ongeza dumuzi. Ongeza panya. Ongeza mizani mibovu. Ongeza karani aliyeandika 68 badala ya 86. Hao wote hupunguza mahindi, au huyafanya yaonekane yamepungua, bila mtu kudokoa.

Kwa hiyo kuna neno jingine la Kiingereza ambalo kila katibu wa kijiji anapaswa kulijua. Neno hilo ni "shortage", yaani upungufu. "Shortage" inasema kitu kimepungua. Haisemi nani amefanya, wala haisemi kama kuna mtu aliyefanya. Hili ndilo neno la kutumia wakati hamjajua sababu.

Tazama mfano wa taarifa fupi:

"Today we weighed the maize. The store book shows 2,000 kilos. The scale shows 1,940 kilos. There is a shortage of 60 kilos. We do not know the cause. We ask the committee to inspect the store."

Maana yake: Leo tumepima mahindi. Kitabu cha stoo kinaonyesha kilo 2,000. Mizani inaonyesha kilo 1,940. Kuna upungufu wa kilo 60. Hatujui sababu. Tunaiomba kamati ikague stoo.

Taarifa hii ni nzuri. Imesema mambo waliyoyaona kwa macho, basi. Sasa fikiria katibu angeandika: "The storekeeper has pilfered 60 kilos." Mtunza stoo amedokoa kilo 60. Amejuaje? Kama mahindi hayo yaliingia na unyevu wa asilimia 18, na sasa yana 13, kukauka peke yake kungeyapunguza kwa kilo 115 hivi. Zile 60 zingekuwa ndani ya hesabu hiyo, na mtunza stoo angekuwa mwaminifu kabisa! Lakini jina lake lingekuwa limekwisha kuharibika kijiji kizima. Na neno lililoandikwa halifutiki upesi kama lile lililosemwa.

Je, ni lini mwandike "pilfer"? Mwandike mnapokuwa na ushahidi. Gunia limetobolewa kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotumika kutoa nafaka kwenye gunia, na hakuna aliyeagizwa kupima. Mlinzi ameona mtu akitoka na mfuko usiku. Kufuli halikuvunjwa, lakini magunia yamefunguliwa na kushonwa tena kwa uzi mwingine. Hata hapo, kama hamjui ni nani, andikeni bila kumtaja mtu: "Some maize was pilfered from the store." Mahindi kiasi yamedokolewa stooni. Sentensi hiyo imetaja kitendo, ikamwachia mchunguzi amtafute mtendaji.

Njia bora ni kuuzuia udokozi kabla haujaanza. Pimeni mzigo unapoingia na unapotoka. Pimeni na unyevu wake, kama kipimo kipo. Andikeni siku ile ile. Watu wawili watie sahihi. Kufuli ziwe mbili, na funguo zikae kwa watu wawili tofauti. Hayo humzuia mdokozi, tena humlinda mtunza stoo mwaminifu asisingiziwe. Kitabu kilichoandikwa vizuri humtetea aliye safi.

Zoezi

Someni maswali haya katika kikundi chenu. Chagueni neno linalofaa: "stole", "robbed", "pilfered" au "shortage". Kila neno litumike mara moja. Msiangalie majibu kwanza!

1. "Three men with pangas ______ the shopkeeper on the road."
Watu watatu wenye mapanga ... mwenye duka njiani.

2. "The cook ______ a little rice every evening."
Mpishi ... mchele kidogo kila jioni.

3. "There is a ______ of ten kilos. We do not know the cause."
Kuna ... wa kilo kumi. Hatujui sababu.

4. "Somebody ______ our two cows last night."
Mtu fulani ... ng'ombe wetu wawili usiku wa jana.

5. Sahihisheni sentensi hii: "I was stolen my bicycle."

Kisha jadilianeni: Je, katika stoo au duka la kijiji chenu, vitu vinavyomwagika au kubaki ni vya nani? Je, jambo hilo limeandikwa popote?

Majibu

1. "Robbed". Kulikuwa na silaha na vitisho, na aliyetajwa baada ya neno ni mtu.
2. "Pilfered". Ni kidogo, ni kila siku, na mpishi ni mtu wa ndani.
3. "Shortage". Sababu haijulikani, basi tusimtaje mtu.
4. "Stole". Ng'ombe hadokolewi.
5. "My bicycle was stolen." Anza na kitu, si na mwenye kitu.

Aliyepata yote matano amefanya vizuri sana. Aliyekosa arudie sehemu ya ndugu watatu, kisha ajaribu tena kesho. Na mwenye kazi ya kuandika taarifa za kijiji akate ule mfano wa taarifa fupi, aubandike ndani ya jalada la kitabu cha stoo.